Poda, Viazi na Kidonda Kilichokataa Kupona

Bwana asifiwe, watu wa kanisa la Bahati! Na ninyi mliosimama mlangoni, msifuni hapo hapo!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Wanjiru, mpiga ngoma wa akina mama. Mwaka huu ngoma yangu ilinyamaza, kwa sababu nilipasuliwa tumbo na kidonda kikakataa kufunga. Nilikonda hadi pete ya ndoa ikaanguka kwenye sufuria! Daktari akasema kisipofunga, nitarudi kupasuliwa tena. Niliogopa, jamani! Niliona kama mara ya pili sitatoka.

Hospitalini Nakuru walinipa poda ya protini inayotokana na yale maji ya maziwa yanayobaki jibini likitengenezwa. Nami kwa bidii zangu nikaona niongeze nguvu za kiroho, nikafunga! Ugali hapana, viazi hapana, ni poda na maji tu. Nilijiambia poda ni dawa, si chakula, kwa hiyo mfungo haujavunjika. Mume wangu alinung'unika, "Mama Wanjiru, utaisha." Nikamkemea kama shetani!

Kidonda je? Kilibaki wazi vile vile.

Siku ya kliniki, msichana wa lishe aliniuliza ninakula nini. Nilipomweleza, alishika kichwa. "Mathe, unachoma mbao!"

Akanieleza pole pole. Protini ikifika tumboni inakatwakatwa. Kwenye utumbo mwembamba inakuwa vipande vidogo kabisa, vinavyoitwa amino asidi, ambavyo hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Damu huvipitisha kwenye ini, kisha huvipeleka kwenye misuli na kidonda, vikajenge. Poda hii hufyonzwa haraka sana. "Lakini mwili wenye njaa hutafuta moto kwanza, mathe. Usipoupa viazi, mwili utachukua hiyo protini, mbao zako za kujengea, uzifanye kuni."

Haleluya! Kumbe nilikuwa nachoma nyumba ile ile niliyokuwa naomba ijengwe! Nilicheka hadi kidonda kikaniuma.

Nilimwendea mchungaji. Akaniambia nile, yeye atafunga kwa niaba yangu. Ndugu zangu, nilikula! Mukimo wa viazi na mahindi, mayai, uji, na poda yangu kidogo kidogo pamoja na chakula. Kidonda kikaanza kujivuta kutoka pembeni, kikafunga chote. Sikurudi kupasuliwa! Na mume wangu nilimwomba msamaha, mbele ya sahani yake.

Namshukuru Mungu aliyeufundisha utumbo wangu kazi yake kabla mimi sijaijua. Wewe mgonjwa unayejinyima ukidhani anafurahia njaa yako, mwamini Yeye, halafu ule. Waachie wenye afya wafunge, tena wakuombee.

Sasa, akina mama, ngoma yangu iko wapi? Hapana, msinisaidie. Nitaibeba mwenyewe!