Wingu Aliloliona Achola

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Dakta Achola Owiti, mwanauchumi, aliyetutoka Jumapili hapa Kisumu. Ni yule Achola wa kalamu kali, aliyeandika miaka nenda miaka rudi jinsi mabenki yanavyoanguka na ni nani huumia.

Achola alizaliwa Usenge, ufuoni mwa ziwa. Mamake, Mama Awuor, ni mwanika omena, vile vidagaa vya ziwani. Na wanawake wa ufuo ule wana sheria yao: anayeliona wingu la mvua kwanza huwapigia wote kelele, ndipo aanue omena yake. Ukianua yako kimya kimya, hutasalimiwa tena.

Sasa sikilizeni. Achola alichunguza chama kimoja cha akiba huku kwetu, akakuta kimeoza. Viongozi walikuwa wakiwalipa wanachama wa zamani kwa pesa za wanachama wapya. Na jasho lote la Mama Awuor lilikuwa humo.

Makala yake ilikuwa itoke siku iliyofuata. Dadake, Lornah, alimsihi ampigie mama simu atoe pesa mapema, maana mama ni mmoja tu. Achola alijua mama akitoa, jamaa nao watatoa, na mlango utafungwa kabla wengine hawajasikia. Simu ilikuwa mkononi. Alilia, wasikilizaji wapendwa, lakini hakupiga.

Mama Awuor alisikia redioni kama kila mtu. Akakimbilia Bondo, kwenye ofisi ya chama, akapanga foleni. Waliotangulia walipata. Dirisha lilifungwa yeye akiwa karibu kulifikia.

Tangu hapo Achola akienda nyumbani alipewa chakula, hakupewa neno. Wakubwa Nairobi walimwita kumsikiliza. Mamake hakumwita.

Jana Mama Awuor alituambia hivi:

"Hiyo siku ya foleni nilisema huyu si mtoto yangu. Sasa hii wiki iliisha wingu ikakuja hapa beach, mimi ndio niliona kwanza. Nikapigia wenzangu kelele, wakaanua. Yangu ikalowa yote. Hapo ndio nilijua ni mimi nilimfunza. Nikasema nitampigia Jumapili, nikitoka kanisa."

Achola alikata roho Jumapili alfajiri.

Pole, Mama. Pole, Lornah. Poleni, watu wa Usenge. Inauma, na hatuna dawa yake.

Na wewe unayetusikiliza, kama kuna mtu umesema utampigia ukitoka kanisa, mpigie sasa. Sisi hapa redioni tutanyamaza kidogo, umsikie vizuri.