Ipi ni ya Kambove?

Ndugu zangu, nawaambia wazi, leo nina woga. Nimezoea kusimama mbele ya uwanja mzima, lakini kule nakuwa na gitaa la kujificha nyuma yake. Hapa sina, na ninyi mnaniangalia machoni.

Mimi napiga muziki wa roki. Ndiyo mama, ule wa makelele. Shule niliiacha mapema kwa sababu sikuweza kukaa pahali pamoja. Kila nilichotaka kujua kilikuwa nje. Redio ya baba niliifungua nione mtu anayesema humo ndani, nikashindwa kuirudisha. Gitaa ndilo kitu cha kwanza nilichofungua bila kukiharibu.

Katika muziki wetu kuna pahali wenzako wanakuachia njia. Wimbo unaendelea chini, wewe unatunga juu yake papo hapo, na hata wewe mwenyewe hujui utatokea wapi. Tunaita solo. Mara ya kwanza nilipopewa njia hiyo, huko Likasi, niliogopa hadi nikasahau vidole viko wapi. Mtu mmoja akanipa kikombe cha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Nikanywa, nikafumba macho, vidole vikakimbia vyenyewe. Watu wakashangilia. Nawaambia, siku ile nilijifunza uongo: kwamba muziki uko ndani ya kikombe.

Kikombe kikawa chupa. Mpiga besi wetu ana alama yake: akiinua kidevu, maana yake rudi kwenye wimbo. Ningeionaje, macho nimefumba? Mwimbaji anasubiri, mimi naendelea tu. Kolwezi niliangukia spika. Wakinisema, nilijibu kwamba wana wivu, hawajui kutunga.

Asubuhi moja tulikuwa ndani ya basi, tunatoka Kambove. Mpiga ngoma wetu ni mwanamke, tunamwita Yaya kwa sababu ndiye mkubwa wetu. Akaja kukaa karibu yangu na simu yake. Akanisikilizisha solo yangu moja aliyoirekodi, kisha nyingine.

"Ipi ni ya Kambove?"

"Yaya, asubuhi yote hii unanipa mtihani? Shule nilikimbia."

"Jibu, ndugu."

Nikasikiliza tena. "Ya kwanza."

"Aba! Ya kwanza ni ya Likasi. Ya pili ni ya Kolwezi. Ya Kambove njo hii."

Akanisikilizisha ya tatu. Ilikuwa ile ile, nota kwa nota, hata pale kidole kinapoteleza.

"Muji tatu, weye unapiga kintu kimoja," akasema. "Bantu banakupigia mikono sababu bo banasikia mara moja tu. Siye tunasikia kila siku."

Mpiga besi alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka. "Safari ingine tutaenda bila weye. Ukiacha chupa, rudi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshaitwa mlevi mara nyingi, haikuniuma. Hii iliniuma. Mimi niliyetaka kujua kila kitu, nilikuwa sijagundua kitu kipya hata kimoja tangu kikombe cha kwanza.

Ndivyo nilivyofika kwenye ukumbi huu wa wanaoacha pombe, hapa Kampemba. Mliniona: jasho, kutapika, hasira. Nilimtukana hata aliyeniletea uji. Mzee mmoja wa kikundi hiki, tunayemwita Papa, alikuja kwangu kila mchana, akakaa kusikiliza nikipiga gitaa vibaya. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, ule wimbo iko na mwisho?" Mnacheka. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Wenzangu wakanipokea tena. Tukarudi Kambove, kwenye uwanja wa mpira, jua bado kali. Njia ikafunguliwa. Vidole vikataka ile solo ya zamani. Nikavikatalia. Basi, sikuwa na kitu. Nikaviinua vidole juu ya nyuzi. Besi inazunguka, inanisubiri.

"Gitaa imekufa!" mtu akaita. Watu wakaangua kicheko.

Nikafungua macho, nikapiga nota moja. Si yenyewe! Mbaya kabisa. Nikamwangalia mpiga besi, nikijua atainua kidevu. Hakuinua. Akaipiga nota ile ile mbaya chini yangu, kana kwamba tulipatana. Yaya akaifuata na ngoma. Nikawajibu. Wakanijibu. Haikuchukua muda mrefu. Kidevu kikapanda, nikakiona, nikarudi kwenye wimbo. Hakuna aliyeshangilia sana.

Ndani ya basi Yaya akatoa simu. Solo mbili.

"Ipi ni ya Kambove?"

"Ya pili," nikamwambia. "Njo pale nilikosea."

Asante kwa wenzangu walionifukuza kwa ukweli na kunipokea bila maneno mengi. Asante kwa Papa, asante kwa aliyeleta uji, nisamehe. Nilichopata ni kidogo: niliogopa kukosea mbele ya watu, na kwa woga huo nilikunywa hadi nikaacha kuwasikia.

Sijapona. Alhamisi tunaondoka tena, na katika kila mji kuna mtu ananisubiri na kikombe, kwa moyo mwema kabisa. Naogopa. Kwa hiyo nawaomba neno moja. Nikirudi, msiniulize kama nimekunywa, nitawadanganya. Niulizeni katika kila mji nilikosea wapi. Nikishindwa kujibu, mtakuwa mmejua.