Mkanda kwenye Msumari wa Mzee Tsongo

Leo, Ijumaa tarehe 30 Novemba 2018, Mzee Tsongo anavua ovaroli baada ya kuitumikia gereji yetu hapa Kasese kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia mwaka 1986 akiwa mwosha magari, anatoka akiwa fundi mkuu. Kama kuna injini kati ya hapa na Bwera ambayo hajaifungua, basi hiyo ilivuka mpaka wa Kongo bila kusalimia. Mimi Shafic, niliyefanya kazi naye bega kwa bega tangu 1999, nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu. Mwenyewe ameniomba nisiutie sukari, nami nimemtii. Waliokuja kwa ajili ya soda na kicheko wanisamehe.

Kazi iliyompa jina ni kubadilisha mkanda wa taimingi. Kwa wasioujua, ni ule mkanda wa mpira wenye meno unaofanya sehemu ya juu ya injini na ya chini ziende pamoja. Haupigi kelele wala hautoi moshi. Siku ukikatika, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na gari linazimika papo hapo. Baada ya kufunga mkanda mpya, Mzee hakuwahi kuliwasha gari kabla ya kuizungusha injini kwa mkono, kwa spana, mara mbili kamili, ahakikishe alama zimerudi mahali pake. Afande mmoja alichoka kungoja, akamfokea, "Washa! Washa sasa hivi!" Mzee hakuinua hata kichwa. "Afande, injini haijui cheo," akasema, akaendelea kuzungusha. Afande akakalia tairi kuukuu, akangoja kama raia.

Mafundi aliowafundisha wana gereji zao Bwera na hata ng'ambo, Kongo. Alifundisha kwa ukali na kwa utani, na aliyefunga nati vibaya aliambiwa aende akalime kahawa Bwesumbu. Hayo ndiyo ya kufurahisha.

Gereji yetu ina desturi yake. Kila fundi ana msumari wake ukutani, na kilichotundikwa kwenye msumari wa mtu hakiguswi na mwingine. Hapo fundi huweka spea ya gari lake mwenyewe, angoje siku ambayo hana mteja. Siku hiyo haiji. Mteja kwanza, tunasema, na tunajisifu kwa hilo. Wahenga walishasema mganga hajigangi, sisi tukaligeuza kuwa sifa.

Mwaka 2013 Mzee alinunua mkanda wa gari lake jeupe, akautundika. Nyumbani Mahango aliwaambia mkewe, Mama Feresita, na binti yao Yunia kwamba mkanda ameshanunua, wasiwe na wasiwasi. Akapanga kuufunga Jumamosi. Jumamosi hiyo akaja Muhamood, msafirishaji wa samaki wa Bwera, gari limejaa samaki na barafu inayeyuka, mkanda wake umeng'oka meno. Mzee akautazama msumari wake, akalitazama gari la Muhamood, akachukua spana. Muhamood aliondoka akimwombea dua. Samaki walifika salama.

Jumapili pumu ilimbana Mama Feresita. Mvua ilikuwa imeharibu njia na bodaboda hazikuweza kupanda Mahango. Mzee akamweka mkewe kwenye gari, Yunia akampakata kichwa, wakaanza kuteremka kwenda hospitali. Kwenye mwinuko mdogo, katikati ya safari, mkanda ukakatika. Fundi wa mikanda wa Kasese nzima alishuka, akakimbia kwa miguu kwenye matope kutafuta gari la mtu. Aliporudi nalo, Yunia alikuwa bado amempakata mama yake, lakini mama alikuwa ameshaondoka.

Kwenye mazishi Yunia aliuliza swali moja. Hakuuliza kwa Lhukonzo, lugha ya nyumbani. Aliuliza kwa Kiswahili cha gereji, ili sisi mafundi tusikie. "Baba, si ulisema ulishanunua mukanda?" Mzee aliinamisha kichwa. Yunia akaamini kwamba baba yake alisema uongo. Akaenda Bwesumbu kufundisha shule, na kwa miaka mitano hakupanda gari moja na baba yake. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni Mwislamu na namwogopa Mungu, lakini sikulipenda neno hilo, na hata leo silipendi.

Gari tulilivuta hadi nyuma ya gereji, likakaa juu ya mawe. Mkanda ulibaki msumarini, ndani ya nailoni yake. Kila asubuhi Mzee alitundika koti kwenye msumari wa jirani.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, alitaka valvu mpya, mkanda mpya, na nafasi ya kufanya kazi bila kusaidiwa. Jumamosi iliyopita alimpigia Yunia simu, naye akaja. Valvu zilikuwa zimeshakaa; Mzee alifunga mkanda mpya, akaizungusha injini kwa mkono mara mbili. Kisha akauondoa ule wa zamani msumarini, akauweka kwenye mikono ya binti yake, nailoni haijachanwa. Mzee naye alisema kwa Kiswahili, tukisikia sote. "Nilinunua, Yunia. Sikufunga. Nilifungia mutu wa samaki kwanza."

Yunia aliushika mkanda ule muda mrefu. Sijui kama amemsamehe, na si kazi yangu kujua. Alisema neno moja tu: "Ijumaa nitaendesha mimi."

Gari liko pale getini, tulikolisukuma kwa mikono, halijawashwa bado. Shughuli ikiisha, Yunia atashika usukani na baba yake atakaa kando yake, wapande Mahango. Mzee Tsongo, asante kwa kila injini na kwa kila tusi. Wengine wanaostaafu huwa tunawatakia mengi. Wewe tunakutakia ufike nyumbani.