Amri ya Kuwasha

Benchi letu limeegemea ukuta wa Kinyozi, na kahawa ikiwa ya moto hakuna jambo linalotushinda. Siku hiyo Fundi alikaa katikati kama bwana harusi. Yeye ndiye mwenye ile kompyuta ndogo ya saizi ya kiganja inayoendesha pampu ya maji kilimani. Huipa amri kwa simu, kupitia modemu iliyochomekwa kwenye tundu lake la USB. Modemu ikiganda, hupanda kilima kwa miguu kwenda kuichomoa na kuichomeka. Hivyo ndivyo alivyokosa mechi zote za binti yake. Jioni hiyo ilikuwa fainali, na alikuwa ameapa kwenda.

— Nimekoma kupanda, — akasema Fundi. — Sasa nakata umeme wa lile tundu nikiwa hapa hapa. Modemu inazimika, ikiwaka akili imerudi.

— Kwani inaganda kwa nini? — akauliza Kinyozi.

— Baridi ya kilimani, — akadakia yule tunayemwita Mkemia, mshona viatu asiyejua kusema sijui.

— Jua lote hili?

— Basi imevimbiwa. Ukikata umeme, inacheua.

— Modemu inacheua!

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu umeingiaje hapo?

— Kwani tundu liko juu?

— Mi naona inadeka, — akasema Kinyozi. — Imezoea kubembelezwa.

Fundi akacheka.

— Semeni tu. Leo ilipoanza kusuasua sikungoja igande. Nimeshakata, hata kikombe hakijapoa.

Mara mkewe akafika, jezi ya binti mkononi.

— Baba watoto, bado umekaa?

Mkemia akamweleza yote, na kucheua kukiwemo. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

— Na amri ya kuwasha itapitia wapi?

Kinyozi akatazama ndani ya kikombe chake.

— Kwenye modemu, — akasema Fundi polepole.

— Ipi? Hiyo uliyoizima?

Nilimhurumia Fundi, kwa kweli. Mtaa mzima kesho bila maji, na jezi ile pale. Akaanza kukunja suruali apande kilima.

— Kaa, — akasema Mkemia. — Nikifika huko nifanye nini?

— Kuna kitufe pembeni. Ukikibonyeza kompyuta inaanza upya, tundu linapata umeme. Lakini kilima kile, ndugu yangu…

— Lete funguo za kibanda cha pampu. Mimi sina mtoto anayecheza leo.