Meya wa Jiji la Mbao Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa Ukumbi wa Pili, tuliyezoea kumwita Meya, anastaafu rasmi mwisho wa mwezi huu. Katika muda huo makumbusho yetu ya majengo na mipango miji yamepata wakurugenzi sita. Meya amekuwa mmoja tu, na hakuna aliyempigia kura.

Kazi yake ilikuwa kuutunza mfano wa jiji, ile meza kubwa yenye mitaa yote kwa mbao na maboksi. Jengo likijengwa mjini, yeye hulichonga na kulibandika. Tuseme ukweli, jiji lake limelishinda letu. Mitaro haizibi, taa za barabarani zote zinawaka, na foleni haijawahi kutokea. Ndiyo maana wakubwa wa mipango miji walipenda kuja kulitazama jiji hapa kwetu, penye kiyoyozi, kuliko kulifuata huko nje kwenye vumbi.

Wageni nao walimpenda. Kila anayeingia hutafuta kwanza paa la kwao. Mama mmoja alinuna kwa kuwa paa la jirani lilikuwa jekundu na lake kijani, wakati yeye ndiye aliyetangulia kupaka jekundu. Meya alichukua brashi palepale, mama akatoka kifua mbele. Injinia mmoja alizunguka meza asubuhi nzima akitafuta daraja alilolijenga. Meya alimweleza kwa upole kwamba lilishaanguka, na sisi huenda na wakati.

Kwa wasioujua utaratibu wetu, hakuna jengo linalobomolewa mjini kabla ya kung'olewa mezani kwanza, mbele ya kamera, kwa mkono wa mkubwa. Bila picha hiyo, tingatinga haliwashwi. Hivyo ndivyo ilivyoondoka stendi ya zamani, na mtaa mzima wa mafundi viatu.

Kisha ikaja zamu ya soko la mafundi cherehani, lililotakiwa kupisha maegesho ya magari. Wageni waalikwa wakaketi, mkuu wa mipango miji akakunja mikono ya shati na kulishika soko kwa vidole viwili. Halikutoka. Akatumia mkono mzima, halafu yote miwili. Alipoweka mguu kwenye fremu ya meza na kuvuta kwa nguvu zake zote, soko lilibaki palepale, ila jengo la halmashauri, lililokuwa upande wa pili, liliruka na kutua kwenye glasi ya juisi ya mgeni rasmi.

Picha hiyo haikufaa. Sherehe iliahirishwa, mwaka wa bajeti ukaisha, na soko likabaki mezani na mjini. Meya alipewa onyo na utawala kwa kutumia gundi vibaya, na cheti na idara ya ufundi kwa kazi imara. Vyote viwili amevitundika sebuleni kwake.

Sasa meza inaondoka. Inakuja skrini, ambako jengo hufutwa kwa kidole, na ombi la kulifuta soko limefika tena kwa Mkurugenzi wetu. Ijumaa iliyopita, kwenye chai ya kumuaga, Mkurugenzi alimuuliza mbele yetu kama gundi ile ilikuwa bahati mbaya.

"Mke wangu anashona mle, bosi," Meya akajibu. "Ulitaka nibandike kwa mate?"

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema watoto wao wote wamesomeshwa na cherehani ile, kwani mshahara wa hapa sote tunaujua, kisha akamwomba Mkurugenzi aende walau mara moja, maana soko lile amelijua miaka yote kwa kulitazama kutoka juu. Mkurugenzi alikohoa, akaomba sukari. Jumatatu alikwenda kweli, kwa miguu, na tunaambiwa alipotea mara mbili.

Asante, Meya, kwa mikono yako na kwa masihara yako. Ukumbi wa Pili utapwaya bila wewe, na hilo linatuuma. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na siku nyingi za kukaa kibandani kule sokoni na mama, mkeo. Ombi la kulifuta soko bado halijasainiwa. Mkurugenzi ameacha koti lake kwa mama lipanuliwe kiuno, na mama ametuma ujumbe kwamba hana haraka nalo.