Tiarma wa Siregar, Mama Tumbur

Marehemu Tiarma alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Muara, kando ya Ziwa Toba, mtoto wa tano wa mzee Jahiras Siregar. Alisoma hapo hapo hadi darasa la sita, akaacha shule mama yake alipougua macho, kwa kuwa ilibidi mtu ashike kazi ya kufuma ulos, vitambaa vyetu vya heshima. Hakuiacha tena. Wengi mliokusanyika hapa mlivishwa siku ya harusi ulos ya mkono wake.

Mwaka 1986 aliolewa na Binsar Hutapea wa Laguboti. Novemba 1988 akazaliwa Tumbur, na kwa desturi yetu Tiarma akawa Mama Tumbur. Jina lilimkaa hasa! Siku moja shangazi yake alimwita sokoni, "Tiarma! We Tiarma!" Wala hakugeuka. Alipokimbiliwa akasema, "Huyo simjui. Mimi Mama Tumbur, nikusaidie nini?"

Tarehe 9 Agosti 2013 Tumbur alijitoa uhai. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwa nini, hatujui. Mama yake alitafuta sababu kuliko sote, asiipate.

Watu, kwa huruma, wakaanza kumwita Mama Lamtiur, kwa jina la binti yake, wasije wakamtonesha kidonda. Mumewe aliitikia Baba Lamtiur. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Marehemu hakuitikia. Wakasema amekuwa kiziwi. Lamtiur, anayesoma wasifu huu, naye aliacha kumtaja kaka yake nyumbani, akidhani anasaidia. Kwa kweli hakujua la kufanya.

Mwezi wa tano wa msiba akabisha hodi jirani, Mama Ronggur, ambaye mumewe aliondoka vivyo hivyo.

"Mama Tumbur! Upo?"

"Umeniitaje?"

"Mama Tumbur. Au umebadilisha jina, shoga, hukuniambia?"

Marehemu alilia hadi akakaa chini. Tangu hapo, kila Alhamisi walimenya karanga pamoja wakimzungumzia Tumbur, hadi ubishi wake. Huzuni haikuisha, jamani. Ila Alhamisi alikula.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Januari hii alimwambia binti yake, "Usinizike na jina la kuazima."

"Mama, watu watauliza."

"Waulize. Kwani sikumzaa?"

Lamtiur akafungua kinywa amwite kwa jina la kaka yake, akakifunga. Akasema, kesho. Ikawa kesho kila siku, hadi tarehe 2 Machi 2024, saa tatu asubuhi, mama yake alipofariki nyumbani.

Ameacha mume, Binsar, binti, Lamtiur, na Mama Ronggur, ambaye Alhamisi hii hana pa kwenda. Ametanguliwa na mwanawe Tumbur, aliyelala hapa kando.

Kila atakayetupa udongo, tunaomba amwite. Lamtiur anaanza, ingawa amechelewa.

Mama Tumbur. Mama Tumbur, pumzika kwa amani.