Mshambuliaji Aliyefua Jezi Yake Mwenyewe

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Mzee Sabuni, mtunza vifaa wa klabu yetu, anarudisha funguo za stoo baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Na kabla hajazirudisha, naomba wote mnyamaze kidogo, kwa sababu hadithi yake mnaisimulia vibaya. Vijana wa tiketi wanasema alivaa nywele za bandia. Uongo. Wahasibu wanasema alicheza msimu mzima. Uongo uliopakwa mafuta. Kocha wa vijana, ambaye siku hizo alikuwa bado anabebwa mgongoni, anasimulia utadhani yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kati. Aliyekuwepo ni mimi, mlinzi wenu wa geti, na macho yangu haya hayajawahi kuomba miwani. Binti wa mapokezi anachapa, mimi nasema. Mkikuta kosa la herufi ni lake, mkikuta utamu ni wangu.

Sabuni aliingia hapa kijana, kazi yake kubeba mabegi, kufua jezi, kukausha viatu na kutafuta soksi ambazo mwenye nazo amezivaa. Akapewa chumba kimoja nyuma ya jukwaa. Akaoa fundi cherehani wetu, yule aliyekuwa anashona namba migongoni. Mke alikuja na cherehani yake, na cherehani ikaja na mama mkwe. Wakaweka pazia katikati, maisha yakaenda. Mama mkwe yule alikuwa shabiki wa klabu hii kuliko mtu yeyote, na hakuficha uchungu wake: katika wanaume wote wanaozivaa hizo jezi, mwanawe kaenda kuolewa na anayezifua!

Sasa, mwaka wa tisa wa kazi yake, timu ilikuwa mbovu hadi wauza karanga walikuwa wanakaa wameupa uwanja kisogo. Kipa wetu goti lilikuwa linalia kama bawaba. Na mbele ya goli kulikuwa na shimo ambalo mbuzi angezalia humo pasijue mtu. Lakini mwaka huo huo, bajeti ya usajili ilinona. Mashabiki walichanga, wafadhili wakaongeza, kamati ikakaa kuamua hela iende wapi.

Kocha akasema yeye anataka vitu viwili tu: kipa, na shimo lizibwe.

Mwenyekiti akamwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyevaa shati kinyumenyume. "Kocha, wewe umewahi kuona mashabiki wamebeba shimo mabegani?"

Basi ikapitishwa: tununue mshambuliaji wa nje. Viongozi saba wakapanda ndege kwenda kumwona mtu mmoja. Kwa nini saba? Mmoja aangalie mguu wa kulia, mmoja wa kushoto, na watano wawaangalie hao wawili. Wakalala hotelini wiki mbili, wakashona suti. Huku nyuma maandalizi yanapamba moto: bendi ya matarumbeta imekodiwa, lori la wazi limepigwa rangi, kofia zimechapishwa maandishi mekundu, "Kombora Limetua". Siku ya kusaini, wale saba wakaanza kugombana nani akae karibu na mchezaji kwenye picha. Ugomvi ulipokwisha, mchezaji alikuwa ameshasaini timu nyingine, tena bila picha.

Wakarudi na suti. Hela yote imekwenda, sherehe ni kesho, na mashabiki wameshaanza kujaa nje. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu geti nilikuwa nimelizuia kwa bega langu hili.

Mwenyekiti akakimbilia stoo kujificha. Akamkuta Sabuni ameinamia beseni. Akamwambia simama. Sabuni akasimama, akaendelea kusimama, kichwa kikakaribia dari. Miaka tisa mwenyekiti hakuwahi kumwona amenyooka.

"Kumbe una urefu! Sikiliza. Kesho wewe ndiye Kombora. Hutaki, niachie funguo za stoo na za chumba."

Mkewe alikuwa mjamzito. Ampeleke wapi, na cherehani, na mama mkwe? Sabuni akakubali. Na hapo ndipo watu huniuliza: mashabiki si wangemjua? Jamani, nani humtazama usoni mtu aliyebeba begi? Miaka tisa walikuwa wanasalimiana na mabegi. Wakamnyoa ndevu, wakamvisha miwani myeusi na suti moja kati ya zile saba. Kutembea nilimfundisha mimi, andikeni hilo. Nilimwambia, toa kifua mbele, usiangalie unapokanyaga, mshambuliaji wa bei kubwa ardhi ndiyo inayomkwepa. Alijifunza haraka, ingawa hakuwahi kunifikia.

Kesho yake lori likaingia, matarumbeta yakalia, Sabuni juu anapunga mkono. Watu wazima walilia machozi. Ghafla, katikati ya umati, sauti ikapasuka:

"Jamani! Huyu si mkwe wangu huyu? Asubuhi tu kanimwagia maji ya kufulia miguuni!"

Sabuni juu ya lori akawa kama sanamu. Lakini kijana mmoja mwenye kofia ya Kombora akacheka. "Mama, leo kila mwenye binti huyu ni mkwe wake. Panga foleni!"

"Foleni imeanzia kwangu," mama mwingine akadakia, "ninao wawili, achague!"

Wakamsukuma mama mkwe nyuma, foleni ya wakwe ikawa ndefu kuliko ya tiketi.

Baada ya sherehe Kombora akatangazwa majeruhi. Kila mechi alifungwa bendeji gotini, akapasha misuli pembeni ya uwanja, akaketi benchi. Mapumziko anachepuka stoo kukusanya jezi mbichi. Namba tisa yake aliifua pamoja na nyingine, ingawa ilikuwa haijui hata vumbi. Na kila usiku, upande wao wa pazia, alimwambia mkewe neno moja: wakinigundua, hapa tunatoka.

Watani wetu wa ng'ambo ya barabara nao hawakulala. Kamati yao iliposikia tuna Kombora, ikatetemeka. Bajeti yao nzima ya usajili wakaimaliza kununua mabeki watatu wenye shingo kama magogo, kazi yao moja tu, kumkaba Sabuni. Hawakubakiwa na hela ya mtu wa kufunga. Nawaulizeni ninyi wataalamu wa usajili: tangu dunia iumbwe, ni klabu gani iliyowahi kumfilisi mpinzani kwa gharama ya bendeji?

Mechi ya mwisho ikatukutanisha nao. Sisi tukishinda tunabaki ligi kuu, tusiposhinda tunashuka. Dakika zinayoyoma, hakuna goli. Uwanja ukaanza kuimba, "Kombora! Kombora!" Kisha mawe yakaanza kudondoka kwenye paa la jukwaa la viongozi. Mwenyekiti akatuma mtu kwa kocha: mwingize, tutauawa. Kocha akajifunika uso kwa kofia, akamwingiza.

Sabuni akaingia, mabeki watatu wakamfuata. Akienda kulia, wapo. Akirudi kushoto, wapo. Alikuwa haombi mpira, alikuwa anaomba filimbi. Mara akaona jambo ambalo mtu wa kazi yake hawezi kuliacha lipite: kiungo wetu kamba ya kiatu imefunguka, inaburuta. Mpira unaendelea, watu wanakimbia, Sabuni akamshika yule kiungo mguu, akainama katikati ya uwanja, akaanza kumfunga kamba. Mafundo mawili, kama desturi yake.

Wale mabeki wakaduwaa. Hiyo mbinu hawajaifundishwa. Wakasimama wamemzunguka, wamepanua mikono, wanasubiri atokee upande gani. Winga wetu akapita peke yake upande ule mwingine, taratibu, kama mtu anayekwenda kuchota maji, akafunga. Moja bila.

Lakini jukwaa halikushangilia. Sabuni alipoinama, uwanja mzima ulimwangalia yeye tu. Uso ule walikuwa hawaujui, ila mgongo ule walikuwa wameuona kwa miaka tisa.

"Aaah! Sabuni!"

"Mimi nilisema nini?" mama mkwe akapanda juu ya benchi. "Semeni sasa, nilisema nini mimi?"

Filimbi ya mwisho ilipolia jukwaa la viongozi lilikuwa tupu, suti zimeruka ukuta. Mashabiki wakamzunguka Sabuni. Nusu wanataka kumpiga, nusu wanataka kumbeba, na kwa kuwa mikono yao ilishamshika, wakambeba huku wakiendelea kubishana.

Mngedhani yameisha. Wapi! Watani wetu wangewaambia nini watu wao? Kwamba hela yote iliishia kumlinda mfua nguo? Mwenyekiti wao akatangaza kwamba yule ni mshambuliaji wa kweli, kufunga kamba ni mbinu ya kisasa, na wao wanamnunua. Bei aliyoitaja, mtu angeweza kununua washambuliaji watatu na kiwanja cha kuwalaza. Mwenyekiti wetu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa anatafuta maneno ya kumfukuza Sabuni, akaapa kwamba kijana alizaliwa akipiga danadana. Klabu mbili zimeapa, anayekataa ni mwenye miguu peke yake.

Ikapangwa asaini Jumamosi. Na akishasaini, chumba akiachie siku hiyo hiyo, maana chumba ni cha mfanyakazi wetu. Mkunga alikuwa ameshasema mke asihamishwe, mtoto yuko mlangoni.

Jumamosi wanachama wakajaa uwanjani. Mama mkwe hakuomba nafasi ya kusema, alimnyang'anya mtangazaji kipaza sauti.

"Huyu mkwe wangu mimi nimemsema sana. Leo nasema ukweli. Kufua anajua, kupiga pasi anajua, mwanangu anamtunza. Mpira hajui! Mnabisha? Mpeni penalti. Akifunga, mchukueni. Akikosa, aachwe na ndoo zake."

Wanachama wakapiga makofi, mjumbe wa watani akasema sawa, mwenyekiti akasema sawa. Golini kipa wetu asikae, na goti lake lile. Mpira ukawekwa. Viongozi na mjumbe walikuwa wanapigwa picha ya mkataba wakati huo, kila mtu anavuta karatasi akae katikati. Sabuni akarudi nyuma, akamwangalia mama mkwe, akakimbia, akapiga. Mpira ukapaa juu ya goli, ukapita ukuta, ukaangukia kwa seremala. Hana mpira kabisa! Mjumbe wa watani akakunja mkataba wake akavuka barabara. Mwenyekiti ilibidi tumkalishe kwenye begi la jezi. Mtoto alizaliwa Jumapili, mle mle chumbani. Leo ni mama mtu mzima, Ijumaa atakuwepo.

Sabuni akarudi kwenye beseni. Lile shimo alilijaza mwenyewe kwa toroli, wiki moja, hakuna aliyepiga tarumbeta. Tangu hapo klabu imenunua washambuliaji hata hesabu imenipotea. Mmoja alikuwa anaogopa mvua, mwingine alikuja na mbwa wake akaondoka wa kwanza yeye, mbwa akabaki akawa mlinzi mwenzangu. Wote hao, jezi zao zimepita mikononi mwa Mzee Sabuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia uwanjani na kiatu kisichofungwa. Mashine ya kufulia ilipoletwa aliisaili kwa siku tatu kabla ya kuiamini, na soksi bado anafua kwa mkono.

Mama mkwe sasa ni bibi wa watu, anakaa mstari wa mbele, na mgeni akikaa karibu naye humwonyesha kwa kidole: yule aliyeinama pale, yule, mkwe wangu.

Mzee wetu, wafanyakazi wote tunakushukuru, kuanzia ofisini hadi getini. Nenda nyumbani, unyooshe mgongo, uvae nguo aliyofua mtu mwingine. Uzee wako uwe mwepesi na chai yako iwe ya moto.

Haya, binti, usifunge mashine. Kuna kimoja nimekitunga, na kwa kuwa kuanzia Ijumaa hawawezi tena kumuuza, acha nikiseme. Ile penalti haikupaa. Aliipiga ikaingia kona ya juu, pale ambapo hata vipa wawili wasingefika, ikatokea kwenye tundu la wavu. Kama alibahatisha au alijua sijui, nimemuuliza miaka yote, hunijibu kwa kuniuliza soksi zangu ziko wapi. Viongozi walikuwa wameipa kisogo, wanatabasamu kwa mpiga picha. Mwenyekiti alipogeuka akaona mpira umelala nyuma ya goli.

"Imeingia?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, ameshika kiuno. Watu wa klabu hii hawajawahi kukubaliana hata jambo moja, hata rangi ya soksi. Mama mkwe akawa wa kwanza.

"Nje!"

Nikapokea mimi, na nyuma yangu uwanja mzima: "Nje!"